Takrima haikutaka kibandiko

Mwaka 1965 Mmarekani mmoja, Joseph Kosuth, alichukua kiti cha mbao cha kukunja akakiweka mbele ya ukuta. Upande mmoja akatundika picha ya kiti hichohicho, upande wa pili karatasi kubwa yenye maana ya neno kiti kama ilivyo kwenye kamusi ya Kiingereza. Kazi ikaishia hapo. Leo ni mali ya MoMA, jumba la sanaa ya kisasa kule New York. Utaratibu wake ni kwamba kiti kipigwe picha palepale kilipowekwa, ili picha na kiti visije vikakanushana. Aliyenionyesha ni mpwa wangu, ambaye ni mchoraji na ana subira kuliko mimi kwa mambo ya namna hii.

Nilimwambia huyo bwana ana bahati hakuzaliwa Pangani, angeishiwa ukumbi. Sisi tuna kiti cha kukalia. Tuna kiti ambacho watu wazima hutoana macho kwa ajili yake kila Oktoba ya uchaguzi. Na tuna kiti ambaye ni mtu: kwenye ngoma za pepo, yule anayepandwa ndiye huitwa kiti, maana kuna aliyemkalia. Mpwa wangu alicheka, kisha akanyamaza, na akinyamaza namjua, anapiga hesabu. Hazikupita siku nyingi akaja na ombi. "Mamdogo, nataka kufanya instalesheni ya maneno tuliyoyaharibu. Wewe nitafutie maneno, mimi nitafute vitu."

Kwa ambaye hajakutana na jambo hili, instalesheni ni chumba kizima kilichopangwa vitu kwa makusudi. Unaingia ndani yake, unazunguka, unagusa ukiruhusiwa. Yeye alipata banda la gereji lililohamwa, Ilala, sakafu bado ina madoa ya oili. Mimi kazi yangu ni kuhariri: ripoti za miradi, vipeperushi, tafsiri za watu wenye haraka. Maneno yaliyochoka ndiyo yanayonilisha.

Wazo lake la awali alikuwa ameliazima kwa Mchina, Xu Bing, ambaye kuanzia 1987 alichonga kwenye mbao alama zipatazo 4,000 zinazofanana kabisa na maandishi ya Kichina lakini hakuna hata moja inayosomeka. Akachapisha vitabu, akatundika magombo marefu kutoka darini, akaonyesha Beijing mwaka 1988. Wasomi waliingia wakatafuta angalau neno moja wanalolijua, wakatoka mikono mitupu. Ukikumbuka kwamba amekulia katika Mapinduzi ya Utamaduni, enzi ambazo kuta zilijaa kaulimbiu na kaulimbiu zikamaliza watu, unaelewa hasira iliyomo ndani ya utulivu ule.

Mpwa wangu akajaribu kubuni maneno yasiyo na maana ya Kiswahili. Ikashindikana, na sababu ni tamu. Aliandika "mtulundu" kwenye boksi akaliacha sebuleni kwangu. Ile m- ya mwanzo tayari imeshamfanya mtu. Wingi wake watulundu. Tabia yao utulundu, na lugha yao bila shaka kitulundu. Kufika jioni watoto wa nyumbani walikuwa wanaitana hivyo, na aliyeitwa alikuwa anakasirika. Kiswahili hakikuachii neno tupu. Ngeli zinalivalisha kabla hujageuka. Wazo likafa, tukarudi kwenye maneno halisi.

Orodha yake ya kwanza nilimrudishia siku hiyohiyo. Alikuwa ameandika masaa, "nyimbo hii nzuri", hauna badala ya huna, kiukweli. Hayo nimeyasahihisha nusu ya umri wangu na nitaendelea, ndiyo kazi. Lakini hakuna aliyedhulumiwa na masaa. Tangu BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa) ianzishwe mwaka 1967 tumelea kizazi kizima cha walinzi wa lugha wanaoweza kumkatiza mtu katikati ya msiba ili wamwambie ni saa, si masaa, na walinzi haohao wakisomewa taarifa isiyosema chochote kwa sarufi safi wanapiga makofi. Nikamwambia: ukitaka kosa, litafute mahali ambapo neno limetumika vibaya na kuna mtu amepona kwa sababu hiyo.

Tukaanza na chakachua, ambalo yeye alilitaka liwe mshitakiwa na mimi nikalitetea. Neno hili lilivuma kwenye vituo vya mafuta. Mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo, kwa hiyo yalikuwa rahisi. Wajanja wakayachanganya na dizeli na petroli, injini za watu zikafa barabarani. Serikali ikaanza kuyawekea mafuta vinasaba mwaka 2010 ili yaliyochanganywa yatambulike (vinasaba, neno la kwenye damu na ukoo, likajikuta ndani ya tangi la lori), na mwaka 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya iishe. Bibi mwenye kibatari akalipia ujanja asioujua, lakini hiyo ni makala nyingine. Katikati ya hayo ukaja uchaguzi wa Oktoba 2010, na wiki haikuisha mtaa ukawa na neno la kusemea kura: zimechakachuliwa. Baadaye maziwa yakachakachuliwa, vyeti vikachakachuliwa, mapenzi yakachakachuliwa. Neno lilitoka kwenye maana yake, ndiyo. Ila kila lilipokwenda lilifika likiwa na ukali uleule: kitu kinauzwa kama safi na si safi. Sioni uharibifu wowote hapo. Mpwa wangu aliweka dumu la plastiki, mpira wa kunyonyea na chupa mbili za maji ya rangi, na watoto wa jirani walichezea sana.

Fisadi nalo tulilipitia haraka. Kwa bibi zetu fisadi alikuwa mwanamume anayeharibu wake na mabinti za watu, na kamusi za zamani ziko upande wa bibi zetu. Mwaka 2007 pale Mwembeyanga, Temeke, wapinzani wakasoma orodha ya majina 11, magazeti yakaiita ya mafisadi, na tangu hapo neno likahamia benki. Wazee waliolalamika kwamba limepotoshwa hawakusikiliza vizuri. Anayevunja nyumba ya mtu na anayevunja hazina ya nchi wote wamekabidhiwa wasichostahili kugusa.

Palipo na matatizo ya kweli ni kwenye changamoto.

Kabla halijaanza kutumika ovyo, lilikuwa neno la kuchangamsha: jambo linalomtia mtu hamasa, linalomfanya akunje mikono ya shati. Mwalimu alikupa hesabu ngumu, hiyo ikawa changamoto. Sasa kijiji hakina maji, ni changamoto. Dawa zimekwisha zahanati, changamoto. Umeme umekatika tangu alfajiri kutokana na changamoto ya kiufundi. Wasio na mtoto wana changamoto ya uzazi, na aliyekopa akahama mji usiku alipatwa na changamoto ya kifedha. Mpwa wangu alitundika ubao mweusi wa shule, akaandika kwa chaki: shida, dhiki, adha, kero, kasoro, upungufu, kikwazo, uzembe, wizi. Pembeni akaweka sifongo na ndoo ya maji. Anayeingia aliruhusiwa kufuta neno lolote na kuandika changamoto mahali pake. Nilikaa kwenye kigoda nikatazama watu wanaanzia wapi. Wengi walianza na kero na adha, maneno mepesi. Mwanamume mmoja aliyevaa kitambulisho cha kazi shingoni alikwenda moja kwa moja chini ya orodha akafuta wizi. Alifanya kwa utani, wenzake wakacheka sana, naye akacheka kuliko wote.

Mimi ubao ule naufahamu kutoka upande wa pili. Niliwahi kuhariri ripoti iliyosema mradi "ulikumbwa na changamoto za usimamizi wa fedha". Nikampigia aliyeniletea, nikamuuliza kwa heshima zote: fedha hazikutosha, zilichelewa, au ziliibwa? Nataka tu nijue kitenzi gani kinafuata. Kimya kidogo, kisha: "Dada, weka changamoto tu." Hapo neno lilikuwa linafanya kazi yake sawasawa, kwa usahihi wa fundi saa, na kazi yenyewe ilikuwa kuhakikisha mimi na wewe hatujui. Ndiyo maana huwa nawasifu wakaguzi wa hesabu za Serikali, watu ambao hakuna anayewasifia lugha. Hati safi, hati yenye shaka, hati chafu. Mkurugenzi aliyepata hati chafu hana pa kujificha ndani ya maneno hayo, na mama muuza samaki akisikia redioni anaelewa bila mkalimani.

Halafu ukuta wa matangazo ya misiba. Huu ndio uliotugombanisha kwa muda.

Mei 2020 takwimu za korona za Tanzania zilisimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, zikabaki hapo zaidi ya mwaka huku dunia ikihesabu. Mwanzoni mwa 2021 watu walianza kuondoka kwa mfululizo ambao kila mtaa uliuona, na kwenye matangazo, kwenye makundi ya ukoo ya WhatsApp, kwenye wasifu wa marehemu unaosomwa kanisani, likaja fungu la maneno: changamoto ya upumuaji. Marehemu alipata changamoto ya upumuaji. Wakati mwingine nimonia, lakini mara nyingi lile la kwanza. Mambo yalibadilika baada ya Machi. Aprili rais mpya akaunda kamati ya wataalamu, na tarehe 28 Julai 2021 akachanjwa hadharani Ikulu, chanjo ikaanza kutolewa kwa wananchi.

Mpwa wangu alikusanya matangazo yale kutoka kwa ndugu na marafiki, akafuta majina na picha, akaacha sentensi tu, moja chini ya nyingine, karatasi za kawaida zilizobandikwa kwa gundi ya unga. Kichwa alichotaka kuweka kilikuwa "Neno lililokufa". Nilikataa. Nilimuuliza ataje mtu mmoja aliyesoma tangazo lile wakati ule asielewe. Waombolezaji walikuja wamevaa barakoa. Walikaa mbalimbali chini ya turubai, walinawa, wazee waliambiwa wabaki nyumbani. Ujumbe ulikuwa umefika wote. Wenye msiba walisema ukweli kwa njia iliyowaacha salama, na sisi tuna jina la kale la ufundi huo, tafsida: ndiyo inayotufanya tuseme fulani amejifungua, fulani amekwenda haja. Tafsida ya wenye msiba inamsitiri marehemu na waliobaki. Ile ya mteja wangu ilikuwa inamsitiri yeye.

"Lakini Mamdogo, neno ni lilelile."

Ni lilelile, na ndiyo shida ya kutaka kuyahukumu maneno. Walioandika matangazo yale walilazimishwa na ukimya ambao haukutoka kwao. Ukuta ukibeba lawama ya lugha, waliozima hesabu wanapita mlangoni wakiwa wasafi. Tulibishana hadi chai ikapoa, na mwisho akabandika karatasi bila kichwa chochote. Nadhani ndiyo sehemu iliyosomwa polepole kuliko zote.

Sasa takrima, ambayo ndiyo iliyotuharibia mpango.

Kwa vijana: mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilifanyiwa marekebisho, ikaingizwa kifungu kinachosema kwamba kinachotolewa kwa nia njema kama ukarimu wa kawaida au wa asili kisihesabiwe kuwa hongo kwa wapiga kura. Magazeti na wanasiasa wakakiita kifungu cha takrima. Kilichofuata unakikumbuka kama una umri: pilau, khanga, kofia, fulana, chumvi, sukari, na vijana kubebwa kwa malori. Mwaka 2005 Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na mashirika mengine mawili walikwenda Mahakama Kuu, na Aprili 2006 majaji watatu wakavifuta vifungu vile kwa kuwa vinakiuka Katiba. Hoja nzito ilikuwa usawa: mgombea mwenye mali anaweza kukirimu jimbo zima na asiye na kitu hawezi, na sheria haikuweka mpaka unaoonekana kati ya ukarimu na rushwa. Sijui kesi nyingine nchini mwetu ambapo neno zuri hivyo lilisimamishwa kizimbani. Waliolichagua walijua wanachofanya. Walichukua neno linalonukia udi wakaifukizia hongo.

Mpwa wangu aliipangia kona kubwa. Mkeka, sinia la pilau, rundo la fulana na kofia zisizo na nembo ya chama, pakiti za chumvi, na juu yake khanga iliyotandazwa ukutani, jina lake likisomeka Mgeni njoo mwenyeji apone. Pembeni, maneno ya vifungu na ya hukumu kwa herufi kubwa. Na mlangoni, hapa ndipo alipojiona mjanja, alimweka mzee muuza kahawa wa kijiwe cha jirani, na jiko lake la mkaa, birika na vikombe vidogo, amlishe kila anayeingia kahawa na kashata bila malipo. Gharama yote kijana alishalipa asubuhi. Juu ya kichwa cha mzee kulikuwa na kibandiko chekundu: TAKRIMA. Wageni wanywe kwanza, wachangamke, ndipo wafike ndani wasome kesi na washituke kwamba nao wamekula.

Ikafanya kazi hadi adhuhuri. Watu walitoka wakiguna, wengine wakaona aibu ya kuchekesha. Mzee aliporudi kutoka msikitini akaamua naye aingie kuona alichoajiriwa. Alisoma taratibu, kidole kikifuata mistari. Alipomaliza alimwita mpwa wangu.

"Kijana, hii uliyoandika hapa ni kesi ya rushwa."

"Ndiyo, mzee wangu."

"Na pale juu ya kichwa changu umeandika takrima."

"Ndiyo, mzee."

"Basi niambie. Mimi nimemhonga nani?"

Mpwa wangu akaanza kueleza, neno lilivyokuwa, lilivyogeuzwa, jinsi mgeni anavyopaswa kujisikia. Mzee akamsikiliza hadi mwisho, kwa adabu. Kisha akasema waliogeuza ni wao, na waulizwe wao. Nyumbani kwake neno halijahama. Takrima ni mtu kukujia hujamwita ukampa kilichopo. Aliyekuita, akakupa ili nawe umpe, huyo mmefanya biashara, mseme biashara. Mimi nikachokoza kidogo, maana mzee alikuwa anashinda kirahisi mno: "Shikamoo mzee, lakini na hii kahawa si umelipwa?"

"Marahaba, mwanangu. Kahawa nimelipwa. Yule binti aliyeona kizunguzungu nikamkalisha kwenye kigoda changu nikampa maji, yale hajanilipa mtu. Kibandiko mngekibandika pale."

Akachukua koleo, akapanga makaa yake, akahamishia jiko nje chini ya mwarobaini, na huko akauza kahawa kwa bei yake ya kila siku. Sehemu ya asubuhi iliyolipiwa aliikata kwa uaminifu, iliyobaki akairudisha.

Mpwa wangu alitaka kukiacha kigoda kitupu mlangoni, na kibandiko juu yake. Alisema sasa ndiyo imekuwa nzuri zaidi. Kwa macho ya msanii huenda ni kweli, nami nilimwambia hapana. Ubaya wa neno takrima ulikuwa umepikwa Dodoma na kwenye kampeni. Yeye alikuwa ameuchukua akambandika nao mtu aliyebaki na maana yake safi, kisha akamwita ushahidi. Kufanya hivyo ni kuendeleza kazi ya wale walioandika kifungu. Alikasirika. Alisema nikianza kumwondolea kila kinachomuudhi mtu, atabaki na banda la gereji. Hoja yake ina uzito, na simlaumu. Tulikubaliana hivi: kibandiko kiling'olewa, na kwenye sinia la pilau akaandika kwa mkono "hongo ya uchaguzi". Walioingia baada ya hapo hawakushituka sana, hilo nakiri. Neno la wazi halina mtego.

Sasa anataka kuyapeleka maonyesho Tanga, na ameniomba maneno mapya. Nimempa moja tu, kujitolea. Nimemwambia ajaze ukuta mzima matangazo ya nafasi za kujitolea yanayodai shahada, uzoefu wa miaka mitatu na pikipiki ya mwombaji mwenyewe. Amesema hahitaji hata kutafuta, simu yake imejaa. Nusu ya hayo ameshayaomba.